Kundi la Damu la Frida

Biharamulo, Jumapili

Dada Theodosia,

Shikamoo. Sisi wazima, na maharage nimeyaacha nyumbani Keza yakitoa maua. Nakuandikia nikiwa kwa shangazi. Tafadhali usimsomee mama.

Unamjua mume wangu Desderius na sayansi yake. Mwezi uliopita alimpima Frida kundi la damu kwa dawa za maabara ya shule anakofundisha. Jioni akaniambia, "Mimi na wewe ni kundi O, mtoto ni A. Haiwezekani, Kezia. Baba yake nani?"

Nililia, nikaapa, hakunisikia. Akawa anamkagua mtoto masikio na vidole kama mbuzi wa mnadani. Mwishowe nikasema twende hospitali huku Biharamulo tukapimwe wote.

Walitupima, wakarudia. Frida ni O kama sisi. Mpimaji alisema huenda zile dawa za shule ziliharibika kwa joto. Desderius alifurahi, akamnunulia mtoto soda, akaniambia, "Umeona? Sayansi imemaliza ubishi."

Nikamuuliza, "Frida hakuwa mgonjwa. Ulimpima kwa nini?"

Akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Dada, hilo halina kipimo. Sijui alianza lini kunishuku, wala nani alimtia maneno. Nimemwacha arudi Keza peke yake. Kila siku anapiga simu kuuliza tunarudi lini, nami namuuliza swali lile lile. Simu inakatika, halafu anasema ni mtandao.

Mdogo wako,
Kezia