Nilikwenda Kudai Pesa, Nikarudi na Furushi la Vitambaa

Mshauri wangu, pokea salamu, na unisaidie kabla sijakosana na nyumba nzima.

Mimi ni dobi, nafulia nyumbani, chumba cha uani kina mashine mbili na meza ya pasi, na wateja wangu ni nyumba mbili za wageni na ukumbi mmoja wa sherehe mtaa wa pili, na hao wa nyumba za wageni wanachelewa kidogo lakini wanalipa, shida yangu ni ukumbi, ambao mwenyewe ni mama mmoja tunamwita Dada Mkubwa, mcheshi, mkarimu, na ndiye aliyenipa kazi wakati bado nafua kwa mikono kwenye beseni, kwa hiyo siwezi kusema ni mtu mbaya, na hapo ndipo ninapokwama.

Kila Jumatatu napeleka vitambaa vya meza vilivyo safi na kuchukua vichafu, ankara naiweka juu ya furushi safi, naye anasema, "Asante mdogo wangu, weka hapo," basi naweka hapo, na inabaki hapo. Sasa ni mwezi wa tatu sijaona kitu. Nikienda kudai naletewa kiti na chai, anauliza watoto, anauliza mgongo wangu unaendeleaje, ananionyesha picha za wajukuu kwenye simu, na nikifungua mdomo niseme la pesa, maneno yanayotoka ni, "Nilikuwa napita tu, Dada, nikasema nikusalimie." Jumatatu hii nilitoka nyumbani nimeapa, nikafanya mazoezi ya maneno njia nzima mpaka watu wakawa wananigeukia, na bado nilirudi na furushi la vitambaa vyenye mchuzi na nta ya mishumaa.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye anayepiga pasi, na mkono wake ndio uliotupa jina. Aliponiona naingia na furushi akauliza, "Wifi, pesa ziko wapi?" Nikamwambia ziko njiani. Akasema, "Zinakuja kwa miguu?" Mume wangu alicheka, wifi hakucheka, maana mshahara wake wa mwisho ameshausahau, na sasa ameitwa kazi ya pasi hotelini na anasema mwezi ukiisha sijamlipa anakwenda. Akienda sina biashara, mshauri, mimi pasi yangu inaacha mikunjo hata kwenye leso, na mama mkwe atataka kujua kwa nini binti yake kaondoka kwangu bila mshahara.

Mume wangu anasema dawa ni moja. Ukumbi una harusi Jumamosi na vitambaa vyao vyote vyeupe viko kwangu, basi nivifungie kabatini mpaka alipe. "Acha wageni wale kwenye mbao tupu," anasema, "utaona pesa zitakavyokimbia." Ufunguo ninao mkononi hapa ninapoandika. Nifunge, au nimwache wifi yangu aende?

Ni mimi, Dobi wa Uani

MSHAURI ANAJIBU

Dobi wa Uani,

Barua yako nimeipandisha juu ya nyingine kwa sababu Jumamosi haisubiri. Pole. Kufua uchafu wa sherehe za watu huku nyumbani kwako hakuna wa kusherehekea ni kazi nzito.

Sasa rudisha huo ufunguo mahali pake. Vitambaa si vyako, na bibi harusi hajakukosea lolote. Ukivifunga, Jumamosi jioni mtaa mzima hautazungumza habari za mama aliyekalia pesa zako miezi mitatu. Utazungumza habari zako. Mumeo ameona sawa kwamba una kitu cha kushika, ila ameshika kisichofaa.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia Dada Mkubwa, "Naomba pesa yangu." Sikupaona. Umeapa, umefanya mazoezi, umekunywa chai. Hujadai. Sisemi hana kosa. Mwenye ukumbi anajua nani anamfulia. Lakini ankara uliyoniambatishia ina mstari huu chini kabisa: "Lipa ukipata nafasi. Asante." Mama, mwenye ukumbi anapata nafasi lini? Wapishi wamempa siku, wa umeme wamempa siku, wa viti wamempa siku. Wewe umempa ruhusa. Futa mstari huo leo, andika tarehe mahali pake, na usiiache tena ankara juu ya furushi. Mpe mkononi, umwambie tarehe kwa mdomo.

Ijumaa peleka vitambaa vyote, vimenyooshwa kama kawaida yenu, na uende na wifi yako. Ongea kabla hujakaa, maana ukishakalia kile kiti nakujua. Sema hivi: "Dada, vitambaa vya harusi hivi hapa. Nimekuja pia kwa malipo ya miezi mitatu. Anayepiga pasi ni huyu, na anasubiri mshahara." Kisha nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu na kitakuuma. Usikijaze na habari za wajukuu.

Akilipa, mshukuru. Akisema subiri harusi ipite, kubali, lakini mwambie ni Jumatatu, na kwamba furushi chafu hutalibeba kabla ya malipo. Hapo ndipo penye nguvu yako, dobi. Umezoea kupeleka safi na kuchukua chafu kwa safari moja, kwa hiyo yeye hajawahi kuamka akavikuta vitambaa vyenye mchuzi vimelala kwake. Mwache aamke navyo. Anajua kama unavyojua kwamba doa likikaa halitoki, na kwamba sherehe nyingine inakuja.

Usiku wa leo mwambie wifi yako ukweli. "Ziko njiani" si jibu la kumpa mtu aliyesimama mbele ya pasi siku nzima. Zikiingia za nyumba za wageni, mpe yeye kwanza, sabuni baadaye. Ikiwa bado ataamua kwenda hotelini, msindikize vizuri, ana haki.

Kuhusu wema wa Dada Mkubwa: alikupa kazi, nawe umeifanya, kila wiki, mpaka mgongo ukauma. Hakukupa sadaka unayopaswa kuirudisha kwa kufua bure. Mnaweza kubaki mnapendana na ankara ikalipwa.

Na Ijumaa, atakapokuchangamkia mlangoni na kukuuliza kama ulikuwa unapita tu, mjibu, "Hapana, Dada. Leo nimekuja."