Hotipoti ya Harusi

Levolosi, Arusha

Mama,

Shikamoo. Ndizi zako za Kikwe zimefika, na mwanao Ndesanjo amekula mpaka akalegeza mkanda wa suruali. Nakuandikia barua kwa sababu chumba chetu ni kimoja; nikikupigia simu atasikia.

Mama, ile hotipoti uliyotupa siku ya harusi imekuwa bapa kama chapati.

Jumatatu tulikuwa Sekei tukiondoa mkaratusi ulioegemea nyumba ya watu. Mimi hufunga magogo, Zahir huyanyanyua kwa kreni. Ndoano ya kreni ina kilimi cha chuma kinachofunga mdomo wake ili kamba isichomoke. Nimekaa zangu nakula, gogo linapita hewani, nikaona Zahir amekifunga kilimi kwa waya kikabaki wazi, eti kinamchelewesha! Nikaweka hotipoti chini, nikamfuata kumgombeza kwa mdomo huu huu ambao wewe ulimwonya mwanao asiuoe. Sijamaliza hata nusu, kamba ikachomoka, gogo likatua juu ya makande yangu.

Sasa kilimi kina springi mpya. Kila asubuhi Zahir anakibonyeza mbele yangu, mpole kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Nacheka mpaka basi.

Ndesanjo nimemwambia hotipoti imeibiwa. Wewe nakwambia ukweli: dakika moja kabla, ilikuwa mapajani mwangu.

Mkweo mwenye mdomo,
Evaresta