Mfuko wa Kumi wa Mashudu

Ujerumani,
Jumapili, baada ya kufua

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje tangu ulipoacha kubeba ndoo? Na Baba, kifua kimetulia, au bado anakohoa na kusingizia vumbi la mtama? Mimi ni mzima. Baridi imeanza, nami navaa soksi mbili mbili na kitenge chako juu ya sweta. Wenzangu wameshazoea kuniona hivyo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kuna dada wa Manyoni anarudi nyumbani wiki hii, na kwa sababu siku ile kwenye simu tulicheka sana hata sikukueleza vizuri ulichonifanyia.

Unakumbuka niliomba mifuko kumi ya mashudu ya alizeti, yote ya mashine moja na siku moja. Ukaniuliza, "Umeenda Ulaya kufuga?" Kazi yenyewe ni hii, Mama. Mafuta yakishakamuliwa, kwenye mashudu inabaki protini nyingi. Naiyeyusha, kisha maji yake nayapitisha kwenye mrija wa kioo uliojaa chembechembe zinazoikamata protini na kuacha takataka zipite. Halafu naitoa kwa maji ya chumvi, naikausha, inakuwa utando mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Tunataka siku moja utando huo ufunike vidonda vya moto, ingawa bado hatujaufikisha kwa mgonjwa yeyote. Mwanzoni nilizidisha dawa ya kuyeyushia, ambayo ni jamaa ya magadi, kila kitu kikawa kijani kama chungu chako cha mlenda. Nilicheka peke yangu mpaka maabara nzima ikanigeukia.

Kila mfuko nilipima protini iliyotoka nikaweka nukta kwenye mchoro wa kompyuta. Nukta za mifuko tisa zilikaa pamoja kama kuku waliomwagiwa mtama. Nukta ya mfuko wa kumi ilikaa juu kabisa, peke yake. Mfuko huo ulikuwa umetoa protini karibu mara mbili.

Sikufurahi. Zilibaki wiki mbili nisimame mbele ya walimu watatu wanaoamua kama naendelea na shahada au nafungasha. Nukta isiyo na maelezo ni kama mgeni aliyekaa sebuleni ambaye hakuna mwenye nyumba anayemjua. Nilirudia kipimo mara tatu. Nilidhani kosa ni la mikono yangu, unajua nilivyo, jambo likiniingia halitoki. Hata chakula nilikuwa nakula huku nauangalia ule mchoro.

Profesa wangu ni mama wa makamo, mkavu wa maneno. Aliutazama mchoro akasema, "Ifute. Andika kwamba mfuko uliharibika njiani."

"Haukuharibika."

"Unajuaje?"

"Sijui. Ndiyo maana siwezi kuandika hivyo."

Akaniangalia juu ya miwani. "Basi ujue. Una muda mpaka Ijumaa."

Ndipo nikakupigia. Nikauliza mfuko wa kumi ulitoka wapi.

"Wa kumi upi?" ukasema.

"Mama."

"Ulipasuka kwenye bodaboda, mwanangu. Mashudu yote yakamwagika barabarani. Nikaona mashudu ni mashudu, nikajaza kutoka kwenye kopo la mbuzi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema mama yako hawezi kuhesabu mpaka kumi."

Nikakuuliza kama kopo la mbuzi lina mashudu tofauti, ukanishangaa kama vile nimeuliza kama maji yana unyevu. "Yale ya alfajiri, mashine haijapata moto. Ya mchana, kama yale tisa niliyokutumia, yameungua, magumu. Mbuzi wangu anayanusa tu anaondoka. Wanawake wote hapa Ilongero tunawahi ya asubuhi. Wewe ulisoma wapi?"

Mama, nilikaa sakafuni. Protini ni kama yai. Bichi linachanganyika na maji, likichemka haliyeyuki tena. Mashine ikishapata moto inapika protini yangu kabla sijaigusa. Siku hiyo hiyo nikachukua nusu ya mfuko wa kumi nikaipasha moto kwenye oveni, nikapima upya. Nukta ikashuka, ikaenda kukaa na zile tisa. Ijumaa Profesa alipouona mchoro alivuta kiti tu akaketi karibu yangu. Kwake hiyo ni ngoma na vigelegele.

Mbele ya wale walimu nilieleza yote, pamoja na bodaboda na kopo. Mmoja aliuliza aliyegundua tofauti hiyo ana shahada gani. Nikamwambia anafuga mbuzi. Wamenipitisha, Mama. Naendelea. Na jina lako nimeliandika kwenye ukurasa wa shukrani, kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Sasa nina ombi. Nenda kwenye mashine unichukulie mashudu ya alfajiri, ya saa nne na ya jioni, kila mfuko na karatasi yake. Ukipasuka mmoja, andika umepasuka. Usiujaze kutoka kwenye kopo.

Mpe Baba shikamoo yangu na umwambie anywe dawa. Nisalimie shangazi muuza vitumbua, na mjomba wa Ulemo akija kwa ajili ya mazao. Fundi wa mashine mwambie moto wa chuma chake unajulikana mpaka huku, ila usimtishe. Na yule mbuzi wa madoa, aliyelala njaa ili mimi nisirudishwe nyumbani, umrudishie kopo lake, na uongeze la pili juu yangu.

Mwanao anayekukumbuka kila akishika mashudu,

Rehema