Mashine Iliyosahau Diski Yake

Bi Mwanaisha,

Mashine iliwaka. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kutaka kujua nani alikuja mazikoni na nani hakuja.

Ilikataa kuwaka Jumatatu, wiki ya tatu tangu tukuzike. Umeme wa Changamwe ulikuwa umekatika Jumamosi na Jumapili nzima. Nilifika ofisini asubuhi, nikafungua dirisha la upande wa yadi, nikaiondoa ile kanga uliyokuwa ukiifunikia kompyuta kwa ajili ya vumbi la malori, nikawasha. Ikasema maneno yake ya mwanzo, kisha ikakwama. Sentensi moja ikawa inajirudia kwenye kioo, mstari chini ya mstari, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Nikageuka kukuuliza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Unajua kilichokuwa mle ndani. Kila kontena la yadi, limewekwa safu gani, ni la nani, limefunguliwa au bado. Zile tepu za akiba ulizokuwa ukinakili kila Ijumaa, tangu ulipolazwa hakuna aliyenakili hata moja. Ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nikitoka mapema nije hospitali, na Ijumaa zikapita. Kwa hiyo kazi ya wiki tano ilikuwa kwenye ile diski tu, si pengine popote.

Meneja akaita fundi kutoka mjini, bwana mmoja mpole, mwenye haraka zake. Akaiwasha mara tatu, akaizima mara tatu, akasema diski imekufa. Atarudi saa nane na diski mpya, aanze upya kabisa, na ile ya zamani ataondoka nayo. Meneja akakubali. Ilikuwa saa nne.

Nilibaki peke yangu na mashine, nikakumbuka siku ya kosa langu.

Wakati ule nilikuwa karani wa mafaili, natembea kwa miguu kutoka Magongo, na kompyuta nilijua kuipangusa tu. Wewe ulikuwa umekwenda msibani Matuga. Usiku ilipiga radi, mlinzi akaogopa, akazima swichi kubwa ya ofisi. Asubuhi mashine ikawaka nusu, ikaanza kuniuliza maswali kwa Kiingereza, moja baada ya jingine. Nami nilivyolelewa kwetu Rabai, mkubwa akikuuliza jambo unaitikia ndiyo. Nikaitikia ndiyo. Nikaitikia tena na tena, huku nikiinamisha kichwa, Mungu anisamehe, nikiona hiyo ndiyo adabu. Ilipochoka kuuliza, mafaili chungu nzima yalikuwa yamepoteza majina, yamerundikwa mahali pamoja, kila moja lina namba tu. Mengine niliitikia yafutwe, yakafutwa.

Uliporudi nilikuwa nimeshafunga mkoba wangu, niondoke kabla sijafukuzwa. Ulisoma kioo, ukanitazama, ukacheka mpaka ukashika meza.

"Kadzo, hii mashine si mkweo."

Kisha ukavuta kiti cha pili, ukanikalisha. Siku tatu tulifungua faili moja moja, tukasoma yaliyomo mpaka tukajua ni la nani, ukalirudishia jina lake. Yale yaliyofutika uliyaandika upya kutoka kwenye makaratasi. Meneja alipouliza ilikuwaje, ulimwambia umeme. Hukusema uongo, lakini hukunitaja. Sijawahi kukushukuru kwa hilo. Nilingoja nipate maneno mazuri, na sasa nakuandikia haya.

Ndipo ukaanza kunifundisha. Ulisema mashine hii inapoamka husalimu kama watu wa kwenu Likoni, haiishii kwenye hujambo. Inataja kumbukumbu yake, inataja kibodi, inataja diski, halafu mafaili, halafu kebo ya kuiunganisha na mashine nyingine, kwa utaratibu ule ule kila siku. Ukaniuliza, "Mtu ukimsalimu, akakwambia watoto wazima, mama mzima, shamba zuri, mkewe asimtaje. Utamuuliza nini?"

Nikasema nitamuuliza mkewe.

"Basi umeshakuwa fundi."

Ulikuwa na daftari la shule, lile la jalada la kijani, ulimonakili salamu zote za mashine siku ambayo ni nzima. Nilikuona mjinga kidogo wakati ule, nikuambie ukweli. Nani anaandika habari za mgonjwa wakati haumwi? Na ulikuwa na amri yako moja: ikigoma, mikono iwekwe chini ya mapaja mpaka mtu asome hadi mwisho. Ukiniona nataka kugusa swichi, ulikuwa ukinipiga kidogo kwa rula. "Ngoja iseme. Ukiizima unamziba mdomo, na ndiyo kwanza anakwambia panapomuuma."

Basi saa nne ile nilitoa daftari kwenye droo. Niliiwasha mashine mara moja tu, nikaweka mikono chini ya mapaja. Karani wa lango, Bwana Nyale, akachungulia, akaniuliza nasali au vipi. Nikamwambia anyamaze.

Kumbukumbu, sawa na daftari. Kibodi, sawa. Mstari uliofuata kwenye daftari, kwa mwandiko wako ule wa kulala, ni pale inaposema kwamba sasa inaanza kutoka kwenye diski. Kwenye kioo mstari huo haukuwapo. Nikasoma tena kwa kidole. Haikusema diski imekufa, Bi Mwanaisha. Haikuitaja kabisa. Iliruka moja kwa moja kwenye kebo, ikawa inaita mashine nyingine ije iiamshe, na hapa kwetu hakuna mashine nyingine ya kuitika. Halafu nikaona ile namba ambayo kila mashine hujitambulisha nayo. Kwenye daftari ni mchanganyiko wa tarakimu na herufi. Kwenye kioo ilikuwa herufi moja tu, f, f, f, mpaka mwisho.

Haikufa. Ilisahau. Ulikuwa umenieleza kwamba ndani yake kuna kibetri kidogo kinachoishikia mambo yake umeme ukikatika. Kimezeeka, siku mbili zimekishinda. Imesahau yeye ni nani, na imesahau kwamba diski iko pale pale tumboni mwake.

Kwenye ukurasa wa nyuma kabisa wa daftari uliandika vitufe viwili vya kuinyamazisha, na maneno mawili ya kuiambia ianzie wapi. Chini yake: ikipotea, ishike mkono. Sijui uliandika lini. Sijui ulimwandikia nani, kama si mimi.

Nikabonyeza. Ikanyamaza, ikangoja. Nikaandika maneno yale mawili, nikakosea herufi, nikafuta, nikaandika tena. Kwanza kimya. Kisha diski ikanguruma, na salamu zikaanza kushuka moja moja, diski, mafaili, yote, na haikukosekana hata moja. Nikaingiza tepu ninakili papo hapo, kabla ya kufuta machozi. Baadaye nikairudishia namba yake, tarakimu kwa tarakimu.

Fundi alirudi saa nane na boksi lake, akakuta orodha ya makontena inatoka kwenye printa. Akauliza nani kaitengeneza. Nikasema Bi Mwanaisha. Akasema angependa kumwona, yuko wapi? Bwana Nyale ndiye aliyemwambia kwamba tumekuzika. Akavua kofia. Kisha akaomba daftari, akanakili kurasa mbili akiwa amesimama, na alipoondoka aliiacha diski mpya kwenye boksi lake, akasema iwe akiba yetu.

Jumapili iliyopita nilivuka kuja Likoni, kwenye hitima yako ya arobaini. Walinipa mchele nichague pamoja na wanawake wa kwenu. Nikaketi karibu na mama yako, nikamwamkia, nikamwambia nilikuwa nikifanya kazi nawe. Akanishika mkono. "Kumbe nawe mpiga chapa, mwanangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kumbe miaka yote hii alijua unapiga chapa barua za wakubwa. Hukumweleza. Labda ulijaribu, ukaona ni mbali mno kueleza. Nikamwambia pale pale, chembe za mchele mkononi, kwamba mwanawe alikuwa akiiwasha mashine ambayo hata mafundi wa mjini waliikatia tamaa, na kwamba bado anaiwasha. Akasema, "Kila nikimuuliza kazi, akinambia nzuri tu, mama." Kisha akataka kujua kama kuna ngazi nyingi kufika ofisini.

Ngazi ni tano. Meneja ameridhia. Jumamosi nakwenda kumchukua mwenyewe, nimkalishe mbele ya kioo, niiwashe, na kila mstari utakaoshuka nitamwambia maana yake kwa Kiswahili, polepole, hata tukikaa mpaka adhuhuri.

Pumzika, dada yangu. Mola akupe nafasi pana. Mama yako ataijua kazi yako.

Kadzo