Gari Lililopita Bila Kusikika

Nkoma, Mbale

Mdogo wangu Zaina,

Salamu za amani zikukute mzima hapo Wanyange, wewe na watoto wote. Goti lako limepoa? Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako Sumaya ameota meno na ananiuma bila huruma.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ungeisikiliza peke yako. Barua utasomewa na jirani yako Mama Akello, mke wa afande wa magereza, pale mnapoanika mukene, dagaa wa ziwani, na wenzako wote watasikia. Ndivyo ninavyotaka. Mama Akello, shikamoo, na asante kwa kutusomea. Mambo ya Zaina na mumewe sitayaandika humu, usiyatafute.

Ni habari za Hadija wangu. Unajua alichukuliwa kwa majaribio katika ofisi inayoandika matangazo ya afya, nami nikaja kumlelea mtoto wake Sumaya. Kazi yake ya kwanza ilikuwa tangazo la chanjo ya watoto, la kusomwa kwenye gari lenye spika kule upande wa viwandani na huku kwetu. Zaina, aliliandika vizuri mpaka nikalia. Alianza kwa heshima na taadhima, akawasalimu wazazi wapendwa, viongozi wa dini na wazee wa mtaa, kama alivyozoea zamani alipokuwa akiandika gazetini.

Gari likapita mlangoni polepole. Tukasikia salamu za wazazi, tukasikia wazee wa mtaa, na gari likakata kona. Jirani akatoka anafunga kitenge.

"Mama Hadija, msiba uko kwa nani?"

Huku gari likija na sauti ya upole namna ile, watu wanajua ni tangazo la mazishi. Wanawake watatu walishabeba mikeka, wanatafuta nyumba ya wafiwa. Kwenye chanjo wakaja watu wa kuhesabika. Mkubwa wake akamwambia, "Hadija, Jumamosi tunarudia. Ikiwa hivi tena, mkataba sitaweza kukupa." Alirudi nyumbani, chai hakuigusa.

Kesho yake akanisimamisha jikoni nikaange mandazi, yeye akatoka barabarani na karatasi, anatembea huku anasoma kwa sauti.

"Mama, umesikia nini?"

"Chanjo."

"Wapi?"

"Hujasema."

"Nimesema, Mama. Mafuta yako ndiyo yanapiga kelele."

"Basi sema kabla mafuta hayajanishinda."

Akafuta, akarudi tena barabarani. Wale vijana wa boda pale kona wakamuuliza, "Dada, umepotelewa na mtu?" Akawajibu, "Nimepotelewa na sentensi." Alipita mbele ya mlango mpaka mandazi yakaisha, na salamu zote zikatoka. Likabaki hivi: "Mama mwenye mtoto mdogo, chanjo ni leo, shule ya msingi, ni bure." Halafu tena vilevile toka mwanzo, ili kila mlango upate lote hata gari likipita haraka.

Ila la kusomwa msikitini aliliandika na salamu zake kamili, kwa sababu pale watu wamekaa wametulia. La simu akalifanya fupi kabisa, lisomwe huku mtu anakoroga uji. Nikamuuliza, "Sasa lipi ndilo lako hasa?"

Akacheka. "Yote yangu. Wewe Mama, unavyoongea na imamu ndivyo unavyoongea na muuza nyanya?"

Jumamosi nikambeba Sumaya, nikaenda kupanga foleni. Alishachanjwa zamani, lakini nilitaka kuona kwa macho yangu. Foleni ilizunguka shule. Wengine walikuja na vumbi la kiwandani kwenye nywele. Muuguzi akasoma kadi, akasema, "Mama, huyu ameshachanjwa."

"Najua," nikamwambia. "Mimi ndiye mama wa aliyeandika lile tangazo."

Akanipa kiti, Zaina. Na Hadija akapewa mkataba wake.

Alhamdulillahi. Na baada ya Mungu, asante ni zako. Nilipougua ulimchukua ukamlea, ukaanika mukene peke yako ili yeye awahi shule. Wenzako wakakucheka kwamba unamlea mtoto atakayeolewa na kalamu. Aliyesema hivyo namjua, na bila shaka amekaa hapo anasikiliza. Dada, sina ubaya na wewe. Njoo Mbale, utakula mandazi.

Nisalimie shemeji yangu, baba wa watoto wako. Nisalimie mama mkwe wako, asiache dawa yake ya presha, na shangazi yetu aliyenifundisha kusuka mikeka. Hadija anasema shikamoo Mama Mdogo, sikukuu ya Idi atakuja na kitenge chako.

Dada yako akupendaye,
Mama Hadija

Mama Akello, hilo jina la mwisho lirudie tena kwa sauti. Najua upepo wa ziwa hapo unavyomeza maneno.