Mstari Nilioukataa

Mdogo wangu wa pekee,

Salamu tele. Mguu umepungua kuvimba? Usinifiche. Mimi mzima, ila kichwa kimevurugika. Anayeandika ni mjukuu wetu. Mimi nasema tu, akinikatiza namkata jicho.

Juzi alinipeleka kazini kwao. Viti vinazunguka, nusura nianguke. Wana kompyuta imemeza maneno ya watu, masimulizi yaliyorekodiwa miaka na miaka. Yeye anatafuta pale mtu anaposema jambo alilomficha ndugu yake. Nikamwambia si uiulize tu? Akacheka, eti bibi, haielewi kitu, inalinganisha herufi. Kwa hiyo anaiandalia swali: anaandika ‘siku’, anaweka nyota, anamalizia ‘ambia’. Hiyo nyota inashika chochote cha katikati: sikumwambia, sikuwaambia. Nyota, mchana kweupe! Kompyuta ikaleta mpaka takataka, mtu anasema sikumwambia dereva asimame. Sasa hiyo siri?

Ndiyo maana swali linajaribiwa kwanza. Ananisomea mistari hamsini, mimi naamua: ndiyo, yaani kaficha; siyo, yaani porojo. Siyo zikizidi kumi, mkubwa wake analikataa swali. Tulikuwa na siyo kumi kamili, umebaki mstari mmoja. Akasoma: mama alikuwa anamwita mdogo wangu, mimi sikumwambia. Pembeni hakuna jina la msemaji, wameandika mshonaji tu.

Nikasema siyo.

Akashangaa, bibi, si ndio wenyewe huu? Nikang'ang'ania, swali likakataliwa. Basi tangu juzi anafumua swali lake na kulishona upya, hata chai inampoa. Anatafuta kosa, na kosa halimo.

Mdogo wangu, mshonaji ni mimi. Walinirekodi mwaka ule nilioacha cherehani. Mama alikuita siku tatu. Nilijidanganya kwamba unauguza mtoto, nisikusumbue. Ukweli, nilitaka anifie mikononi, mimi peke yangu. Umeniuliza miaka yote kama alikutaja, nami nikasema hapana.

Huyu kasimamisha kalamu, ananitazama. Andika, mwanangu, usilie juu ya karatasi. Mstari ule utie ndiyo, swali lako lirudi lilivyokuwa.

Na lile la kwako, mdogo wangu, jibu lake ni ndiyo. Alikutaja mpaka sauti ikaisha.

Wasalimie wote hapo. Ukikasirika, kasirika, lakini uniletee hasira zako hapa nyumbani, nizione.

Dada yako,
Mshonaji