Kalonda Azikwe Baraka

Yeoville, Johannesburg

Asukulu mdogo wangu,

Simu yangu hupokei, basi pokea karatasi. Anaandika mjukuu wetu Murielle, na nimemkataza kupunguza hata neno moja.

Hapa baridi inauma. Magoti yangu yamegoma kupanda ngazi, na sombe ya huku, hayo majani ya mihogo, haina ladha. Wewe kifua kimepona?

Mume wangu Kalonda amefariki Jumanne. Nasikia umeapa hatalala kwenye makaburi yetu huko nyumbani Baraka, eti alikuwa askari wa upande wa Wamarekani, na wewe mwasi wa Wakomunisti. Mpumbavu wewe! Wazungu na Wachina waliowagawia bunduki hawakujua hata majina yenu. Wewe umebeba ugomvi wao miaka sitini.

Sasa sikia. Siku ile ulipojificha ghalani chini ya mihogo, askari aliyeingia kukutafuta alikuwa Kalonda. Aliiona miguu yako. Akatoka, akamwambia mkubwa wake, "Hamna mtu, ni panya tu." Mimi nilikuwa mlangoni. Ndiyo sababu nilimpenda.

Aliniapisha nisiseme, maana wangempiga risasi. Vita ilipokwisha nikataka kukuambia, akakataa: "Mwache anichukie. Angalau yuko hai."

Amekufa, na kiapo kimekwenda naye. Mwili utafika Baraka wiki ijayo. Usitume vijana kuchimba kaburi. Lichimbe mwenyewe, kwa mikono hiyo hiyo aliyokuachia.

Dada yako, anayekupenda hata ukinuna,
Feza